Wasomaji Wanauliza: Priampu, Pawa Ampu na Boksi la Besi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wapiga besi walioamua kujiundia mtambo wa vipande: priampu peke yake (ya kupanga na kuinua sauti ya besi), pawa ampu peke yake (ya kuipa nguvu ya kusukuma spika), na boksi la spika. Wengi wameanza kwa kuuliza wati. Sisi tunaomba wati zisubiri kidogo. Mtambo wa namna hii hukwama kwanza penye viungo viwili: volti zinazotoka priampu kwenda pawa ampu, na ohmu zilizoko upande wa spika. Viungo hivyo vikikaa sawa, wati zitajitokeza zenyewe.

Swali: Ndugu wahariri, nina pedali ya priampu ya besi na pawa ampu ya chaneli mbili, wati 300 kila chaneli kwenye ohmu 8. Nimeunganisha vizuri, taa zimewaka, lakini sauti ni ndogo kuliko ya kombo yangu (ampu na spika ndani ya boksi moja) ya wati 50. Nobu za ampu nimezifikisha mwisho. Je, nimeuziwa ampu mbovu?

Jibu: Kwa dalili hizi ampu ni nzima, inakosa kitu cha kukuza. Ili itoe wati 300 kwenye spika ya ohmu 8, lazima ifikishe karibu volti 49 kwenye waya wa spika. Volti hizo inazipata kwa kuzidisha zile zinazoingia. Pawa ampu nyingi huzidisha mara 20, yaani desibeli 26. Nyingine mara 40, yaani desibeli 32. Sasa chukua pedali iliyowekwa kutoa kiwango kilekile cha gitaa, tuseme volti 0.3. Zidisha mara 20, unapata volti 6, na volti 6 kwenye ohmu 8 ni wati 4.5 tu. Hata ampu ya mara 40 ingekupa volti 12, sawa na wati 18. Kombo inakushinda kwa sababu priampu yake ilipangwa tangu kiwandani iende na pawa ampu iliyomo ndani.

Unachohitaji ni volti 2.45 kuingia kwenye ampu ya mara 20, au 1.22 kwenye ampu ya mara 40. Kwanza angalia pedali yenyewe. Nyingi zina swichi ya kuchagua kati ya kiwango cha gitaa na kiwango cha laini (chenye volti nyingi zaidi), na ikiwa unatumia tundu la XLR (la pini tatu, kama la maikrofoni), huenda kuna swichi ya kupunguza inayokata desibeli 20 ili ifae kuingia kwenye miksa kama maikrofoni. Desibeli 20 ni kugawanya volti kwa 10, kwa hiyo swichi hiyo peke yake yatosha kueleza tatizo lote. Kisha geuza ampu uangalie mgongo wake: ikiwa kuna swichi ya usikivu iliyoandikwa volti 1.4 na 0.775, au desibeli 26 na 32, chagua 0.775 au 32.

Usikisie, pima. Ingiza sauti ya simu ya hezi 100 kwenye pedali, chomeka waya kwenye tundu la kutokea, weka maltimita kwenye volti za AC, ncha moja iguse ncha ya plagi na nyingine iguse mkono wa plagi. Panda na voliumu ya pedali ukiangalia namba. Ikivuka volti 1.2 bila shida, una cha kutosha kwa ampu ya mara 40. Ikigoma kwenye 0.3 au 0.4 hata ukifungua kila kitu, pedali hiyo haikutengenezwa kuendesha pawa ampu. Tafuta priampu ya raki (kasha la kufungia vifaa kwa skrubu), au weka katikati kikuza laini. Umeme wa volti 9 mara nyingi si kikwazo, maana kwa hesabu unaweza kuzaa hadi volti 3 za AC. Kikwazo ni jinsi sakiti ya mwisho ya pedali ilivyopangwa.

Swali: Kwani lazima priampu? Besi yangu ina betri ndani. Siwezi kuichomeka moja kwa moja kwenye pawa ampu?

Jibu: Itatoa sauti, hafifu, na ukipiga kwa nguvu utaisikia zaidi kidogo. Haitafika mbali kwa sababu zilezile za jibu lililotangulia. Kwa besi isiyo na betri hali ni mbaya zaidi: pikapu zake zinataka kuona ukinzani wa karibu megaohmu 1 mbele yake, na tundu la pawa ampu kwa kawaida ni kiloohmu 10 hadi 20. Sauti za juu zinakufa hapohapo, besi inabaki na tope.

Swali: Nobu za pawa ampu niziweke wapi? Mmoja ananiambia nifungue zote, mwingine anasema nusu ili kuilinda spika.

Jibu: Nusu haiilindi spika. Nobu hizo hazipunguzi nguvu ya juu ya ampu. Zinapunguza tu usikivu wake, yaani priampu inalazimika kutuma volti nyingi zaidi ndipo ampu ifike kileleni. Ampu ya wati 500 iliyo nusu bado ni ampu ya wati 500 siku priampu itakapotuma volti za kutosha. Dhana hii imeunguza spika nyingi, ndiyo maana tunaisisitiza.

Kazi halisi ya nobu hizo ni kupanga kelele. Funga pawa ampu kabisa. Kwenye priampu, piga nyuzi kwa nguvu yako ya jukwaani, si ya sebuleni, na upandishe geini mpaka taa nyekundu iguse kidogo kwenye mapigo makali kabisa, kisha rudisha nyuma nywele moja. Weka ekwalaiza unavyopenda sasa, si baadaye, kwa sababu kuongeza desibeli 12 kwenye sauti za chini ni kuzidisha volti zake mara 4, na geini uliyoipanga itakuwa imepitwa. Voliumu kuu ya priampu iwe katikati. Ndipo ufungue pawa ampu polepole mpaka ufikie sauti kubwa kuliko zote utakazohitaji. Hapo iache, na kuanzia siku hiyo tumia voliumu ya priampu peke yake.

Ukiona mvumo wa shhh unasikika kati ya nyimbo, pawa ampu imefunguliwa mno na priampu inafanya kazi kidogo mno. Ikiwa taa ya priampu inawaka nyekundu na ile ya pawa ampu haijastuka, ni kinyume chake.

Swali: Ampu yangu imeandikwa wati 300 kwa ohmu 8, wati 500 kwa ohmu 4, na wati 1000 kwa ohmu 8 ikiunganishwa daraja. Nina maboksi mawili, kila moja ohmu 8 na wati 400. Nimeyafunga yote kwenye daraja. Baada ya nyimbo mbili tatu ampu inazima, ikipoa inarudi. Tatizo ni feni?

Jibu: Feni inafanya inachoweza. Tatizo ni ohmu. Maboksi mawili ya ohmu 8 yakiunganishwa sambamba yanakuwa ohmu 4. Kwenye daraja chaneli mbili zinashirikiana kusukuma mzigo mmoja, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, na kila chaneli inauona mzigo huo kama nusu yake. Kwa hiyo kila chaneli ya ampu yako inafanya kazi kwenye ohmu 2, na mtengenezaji hakuiandika kwa ohmu 2. Mkondo unapanda, transista zinachemka, ulinzi unakata. Shukuru kwamba ulinzi huo upo.

Fanya hivi: toa daraja, weka ampu kwenye hali ya kulisha chaneli zote mbili kwa ingizo moja, na kila boksi lipate chaneli yake. Unapata wati 300 na 300, ohmu 8 pande zote, ampu inapumua. Unaweza pia kufunga yote mawili kwenye chaneli moja, wati 500 kwa ohmu 4, kila boksi 250, na chaneli ya pili ikabaki ya akiba siku ya kwanza ikifa katikati ya onyesho. Binafsi tungechagua njia ya kwanza.

Kuna watakaokushauri kuyaunganisha maboksi kwa mfululizo yawe ohmu 16 ili daraja liwezekane. Linawezekana, lakini hesabu inarudi palepale: kila chaneli inaona ohmu 8, inatoa 300, jumla 600. Umehangaika na waya wa kipekee bila faida. Na kufunga boksi moja kwenye daraja ni kulipa boksi la wati 400 uwezekano wa wati 1000. Mkono ukiteleza kwenye voliumu mara moja, koili imeondoka.

Kwa wengine wanaochanganya maboksi: 8 na 4 sambamba ni ohmu 2.67, na lile la ohmu 4 linachukua nguvu maradufu ya mwenzake. Matatu ya ohmu 8 pia ni 2.67. Kama kibandiko kimefutika, pima kwa maltimita kwenye plagi: boksi la ohmu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, la ohmu 4 husoma 3 na kitu, kwa kuwa mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu.

Tahadhari mbili za daraja. Waya wa spika unatoka kwenye vituo vyekundu viwili, au kwenye pini 1+ na 2+ za Speakon (plagi ya spika ya kujifunga) kwa ampu nyingi. Soma mchoro uliochapwa mgongoni mwa ampu, usitegemee kumbukumbu. Pili, hakuna waya hata mmoja kati ya hiyo ulio ardhi, kwa hiyo usichukue kamwe sauti ya DI (inayokwenda kwenye miksa) kutoka waya wa spika wa daraja. Chukua DI kwenye priampu.

Yote haya ni ya ampu za transista. Ampu ya valvu yenye transfoma ya kutokea ina sheria yake: isipigwe kamwe bila spika, na swichi yake ya ohmu ilingane na boksi.

Swali: Mtambo wangu unanguruma hata nisipopiga. Fundi mmoja alinishauri nikate pini ya ardhi kwenye plagi ya pawa ampu, na kweli mngurumo ulikwisha. Ni salama?

Jibu: Si salama. Irudishe leo, kabla hujapiga tena. Waya ule ndio unaofanya fyuzi ikatike umeme mkuu ukigusa kasha la chuma. Ukiukata, siku ya hitilafu umeme huo unasubiri kwenye nyuzi za besi yako, na mdomo wako uko kwenye maikrofoni iliyo na ardhi.

Mngurumo una chanzo, na chanzo kinatafutwa kwa kurudi nyuma kutoka spika. Punguza pawa ampu, zima, chomoa waya wa kuingia, washa tena, fungua. Bado inanguruma? Ni ampu yenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa imenyamaza, rudisha waya huku voliumu kuu ya priampu ikiwa sifuri. Mngurumo ukirudi hapo, kabla hata ya kufungua voliumu, umepata mzunguko wa ardhi: priampu na pawa ampu zina njia mbili za ardhi, moja kupitia plagi za ukutani na nyingine kupitia kinga ya waya wa sauti, na mkondo mdogo unazunguka humo. Ukija tu unapofungua voliumu, chanzo kiko priampu au mbele yake. Ukija tu unapochomeka besi, na unapungua ukishika nyuzi au ukigeuka upande mwingine, ni besi yenyewe, mara nyingi pikapu za koili moja.

Dawa ya mzunguko wa ardhi ni hii. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Tumia waya wa balansi (nyaya mbili za sauti na kinga), XLR kwa XLR, ikiwa priampu inao. Ikiwa priampu ina jeki ya kawaida tu, tengeneza waya huu: kebo ya maikrofoni yenye nyaya mbili ndani na kinga. Upande wa priampu, waya mmoja kwenye ncha ya plagi, wa pili kwenye mkono wake, kinga isiunganishwe popote, uifunike vizuri isiguse. Upande wa ampu, waya wa ncha uende pini 2, wa mkono pini 3, kinga pini 1. Kama priampu inatumia adapta isiyo na pini ya ardhi, basi kinga iunganishwe pia kwenye mkono wa plagi. Hilo likishindikana, transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti inamaliza kazi.

Kuna aina nyingine ya mngurumo inayowachanganya hata mafundi. Priampu iliyokaa juu kabisa ya pawa ampu yenye transfoma kubwa inanasa sumaku ya transfoma hiyo. Waya wowote ubadilishe, hautoki. Ijaribu hivi: fungua skrubu, vuta priampu nje ya raki huku mtambo ukiwa umewaka, isogeze taratibu kushoto na kulia. Mngurumo ukipanda na kushuka kwa kila sentimita, umepata jibu. Acha nafasi ya yuniti (kipimo cha kimo cha raki) moja au mbili kati yao, au zipange ili upande wa ingizo la priampu uwe mbali na upande wa transfoma.

Swali: Nimeishiwa waya wa spika. Waya wa gitaa wenye jeki zilezile utafaa kwa siku moja?

Jibu: Hapana. Uzi wa ndani wa waya wa gitaa una unene wa milimita za mraba 0.2 hivi. Kwa mita 3 huo ni ukinzani wa karibu ohmu 0.25 kwenye uzi huo peke yake. Ampu ikitoa wati 500 kwenye ohmu 4, mkondo ni ampea 11, na hapo wati 30 zinageuka joto ndani ya waya. Plastiki inalainika, uzi unagusa kinga, ampu inapata shoti. Nunua waya wa nyuzi mbili wa milimita za mraba 2.5, ufunge Speakon. Jeki pia tunaishauri uiepuke upande wa spika, maana ukiichomoa ampu ikiwa imewaka inaweza kugusanisha vituo.

Swali: Naomba vipimo vya raki. Nataka fundi seremala anitengenezee.

Jibu: Yuniti moja ni milimita 44.45 kwa kimo. Upana wa uso wa kifaa ni inchi 19, yaani milimita 482.6. Kwa priampu ya yuniti 1, nafasi tupu ya 1 na ampu ya 2, mpe kimo cha ndani cha milimita 178 na nyongeza ya milimita 3 au 4, kwa sababu mbao hutanuka. Kina: pima ampu kutoka uso hadi mgongo, ongeza sentimita 8 za plagi na kona za waya. Reli ziwe za chuma, zenye nati za M6.

Ampu nzito yenye transfoma isining'inie kwenye skrubu nne za mbele peke yake. Gari likiruka shimo, masikio ya mbele yanapinda. Weka reli za nyuma au vipande vya mbao vya kuibeba chini. Mgongo wa raki uachwe wazi, na uangalie feni inavuta upande gani: nyingine zinavuta nyuma na kutoa mbele, nyingine kinyume. Kitambaa cha pazia la jukwaa kikivutwa kwenye feni, ampu itazima kama ile ya ndugu wa daraja hapo juu.

Swali: Twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya boksi langu imeungua mara ya pili, na wufa (spika kubwa ya sauti za chini) inatoa mlio wa kugonga nikipiga uzi wa B. Ampu yangu ni ndogo kuliko uwezo wa boksi. Imewezekanaje?

Jibu: Ni matatizo mawili. Twita inaungua kwa sababu ampu ndogo inasukumwa mpaka inakata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililokatwa linazaa sauti nyingi za juu zisizokuwepo kwenye besi yako, na kichujio cha boksi kinazipeleka zote kwenye twita iliyotengenezwa kubeba wati chache. Taa nyekundu ya ampu ikiwaka mfululizo, punguza. Kama ampu ina limita (kizuizi cha sauti kupita kiasi), iwashe. Na ukitumia pedali ya kukwaruza sauti, punguza twita kwa nobu iliyoko nyuma ya boksi.

Mlio wa kugonga ni koni kufika mwisho wa safari yake. Uzi wa E ni hezi 41, wa B ni hezi 31. Ili kutoa sauti ileile kwa hezi nusu, koni inatakiwa kusafiri mara 4 zaidi, na kwenye boksi lenye tundu la hewa, chini ya hezi lililopangiwa, hewa haiishikilii tena koni. Kichujio cha kukata sauti za chini kabisa ndicho kifaa ambacho mitambo mingi ya vipande inakosa, na ndicho tungekinunua kabla ya pedali nyingine yoyote. Kiweke kati ya priampu na pawa ampu, hezi 30 hadi 35 kwa besi ya nyuzi 5, hezi 40 kwa ya nyuzi 4. Hutapoteza unachosikia, sehemu kubwa ya sauti ya uzi wa E masikioni ni hezi 82 na kwenda juu.

Swali: Mtambo unapiga kishindo kikubwa ninapouzima.

Jibu: Unazima priampu kwanza. Kuwasha: priampu, hesabu hadi kumi, kisha pawa ampu. Kuzima: pawa ampu kwanza, subiri taa zake zife, ndipo priampu.

Swali: Nina boksi moja la ohmu 8 na ampu ya wati 300 kwa ohmu 8, wati 500 kwa ohmu 4. Kwenye uwanja wa wazi sisikiki. Ninunue ampu ya wati 600 au boksi la pili?

Jibu: Boksi la pili, la aina ileile. Ampu ya nguvu maradufu inakupa desibeli 3, tofauti unayoisikia bila kushangaa, na boksi lako linaweza lisiihimili. Boksi la pili linaishusha ampu hadi ohmu 4, ikatoa 500 badala ya 300, hiyo ni desibeli 2 na kidogo; juu yake koni mbili zinazosukuma pamoja zinaongeza karibu desibeli 3 kwenye sauti za chini. Jumla ni kama 5, na kila boksi linabeba wati 250 tu. Yapandanishe, moja juu ya jingine, lile la juu lifike kiunoni mwako. Kabla ya yote hakikisha yako upande mmoja wa umeme: gusa betri ya volti 1.5 kwenye plagi ya kila boksi, chanya kwenye 1+. Koni zote zisogee mbele. Moja ikirudi nyuma, waya wake umegeuzwa, na besi itatoweka hata ukiwa na wati elfu moja.